Nimerudi Linux kwa ThinkPad ya 2011: mrejesho wa Mint Xfce kwenye kazi za steshenari

Kwa wale wasiopenda magazeti marefu jibu ni hili: kama una mashine ya enzi za 2010 mpaka 2013 hivi, 64-bit, RAM kuanzia GB 4, na kazi yako kubwa ni kuandika, kuprinti, kuingia mtandaoni na kuangalia video, weka Linux Mint toleo la Xfce (Linux ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows), weka na SSD, ile diski isiyozunguka, utaitumia miaka mingine kiroho safi. Kama unakula kwa Publisher, Photoshop au CorelDRAW kuanzia asubuhi mpaka jioni basi baki hapo ulipo usije ukanitukana baadaye. Wengine tuendelee.

Mashine ninayoizungumzia ni Lenovo ThinkPad X220, hizi ndogo nyeusi za inchi 12.5, Core i5 ya kizazi cha pili, toleo la 2011. Zipo kibao mtaani zinakuja yuzdi, na kwa kibodi sijaona laptopu mpya ya bei ya kawaida inayoifikia, mtu anayetaipu ripoti za wanafunzi kutwa nzima ananielewa. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na processor za Intel kuanzia kizazi cha 8, sasa X220 yenye kizazi cha pili na TPM ya zamani hapo hata mjadala hamna. Wapo mafundi wanaokuwekea 11 kwa kuruka hayo masharti na inakubali kweli, ila kuiona ikijikokota kwenye hadidiski ya kuzunguka na RAM GB 4 ni mateso, taa ya diski inawaka muda wote utadhani imekwama.

Linux sio ngeni kwangu. Enzi za chuo, kuanzia 2008 mpaka kama 2012, nilikuwa mtu wa Ubuntu kwelikweli, moja ya Linux maarufu, wale wa kuandika jina na S.L.P. ya chuo kwenye ShipIt halafu unasubiri wiki kadhaa CD zije bure kwa posta, ndani ya bahasha na stika zake unabandika kwenye mashine watu wakuulize. Ile huduma ilianza 2005 ikafungwa 2011. Na kabla ya hapo walishakuwepo jamaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mradi wa Kilinux, 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili kitupu, kwa hiyo hizi habari huku kwetu sio za jana.

Ila tuache kuremba, ile Linux ya zamani ilikuwa inakutoa jasho. Chukulia suala la intaneti tu. Modemu ya USB ukichomeka Linux inaiona kama CD, maana ndani yake kuna programu za Windows, mpaka uwe na usb_modeswitch ya kuigeuza iwe modemu, na usb_modeswitch yenyewe iko wapi? Mtandaoni. Ambako huwezi kufika maana modemu haijageuka. Unaenda intaneti kafee na flashi, unashusha vifurushi vya deb (programu zenyewe), unarudi geto unakuta kimoja kinadai kingine, unarudi tena kafee. Ukimaliza unafungua wvdial, programu ya kuunganisha modemu, unaandika APN ya mtandao na ile namba *99#, ikikubali unawaita wenzako waje waone. Halafu 2011 Ubuntu wakaja na ule muonekano wao wa Unity ambao kwenye mashine zetu za GB 1 ulikuwa mzigo, na mimi ndio nikaanza kazi ya watu, ofisi nzima ni Word na Excel na mafaili ya bosi, nikahama kimyakimya sikurudi tena mpaka Windows 10 ilipofikia mwisho.

Sasa twende kwenye bidhaa yenyewe. Niliyoweka ni Linux Mint 22.2, Zara wanaiita, toleo la Xfce. Mint wana matoleo matatu kwenye hiyo familia, Cinnamon ndio la mbele na lenye madoido, MATE la kati, Xfce ndio jepesi. Chini yake kuna Ubuntu 24.04 na matoleo yote ya 22 yana huduma mpaka 2029. Faili la kuinstoli ni karibu GB 3, hii nalo ni badiliko, zamani Ubuntu nzima ilienea kwenye CD ya MB 700, kwa hiyo subiri bando la usiku na ushushe kwa torrent ili mtandao ukikata uendelee ulipoishia. Ukishalipata liandike kwenye flashi kwa Rufus au Etcher, au kama unapenda kujaribujaribu tumia Ventoy, hii unaiweka kwenye flashi mara moja halafu mafaili ya ISO, yaani hayo ya kuinstolia, unayakopi kama unavyokopi miziki, ukiwasha mashine inakuuliza unataka ipi. Kwenye X220 ni kubonyeza F12 wakati inawaka unachagua flashi.

Mint inapanda moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoli chochote, na hapa ndipo ujaribu kila kitu kabla hujagusa diski: sauti, waifai, kamera, ufunguo wa kupunguza mwanga, printa. Kwangu waifai ilishika pale pale, ThinkPad nyingi za enzi hizo zina kadi za Intel na draiva zake ziko ndani ya Linux siku zote. Wenye laptopu zenye kadi za Broadcom mnaweza kukuta waifai haipo, msianze kulia, chomekeni simu ya Android kwa waya wa USB, washeni kushea intaneti kwa USB, Mint inaiona hapo hapo kama waya wa mtandao, kisha fungueni ile sehemu ya madraiva iwashushie draiva. Yaani mateso yangu yote ya modemu yamegeuka kuwa kuchomeka simu. Nilicheka peke yangu.

Kuinstoli kwenyewe sina la kusimulia, maswali machache, ramani inakuja unachagua Dar es Salaam, tiki kwenye kile kiboksi cha kodeki za video na muziki, jina, paswedi, basi. Kibodi kuna hadi chaguo la Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya ingawa mimi nilibaki na ya Kimarekani maana ndio iliyochapwa kwenye vitufe.

Halafu kuna hili la SSD, naomba nisisitize maana nimeona watu wanaweka Linux kwenye hadidiski iliyochoka halafu wanasema Linux nayo nzito. Hadidiski ya kuzunguka ndio inayoua hizi mashine, sio processor. Nilifungua skrubu chache tu, X220 ni rafiki sana kwa hilo, nikaweka SSD ya GB 240 na kipande kingine cha RAM ikawa GB 8, gharama ya vyote viwili kwa bei niliyonunulia haikufika laki. Ukiwa na pesa ya kimoja tu anza na SSD. Angalia isizidi unene wa milimita 7 maana kile kitundu cha X220 ni chembamba, ingawa SSD nyingi za sasa ni saizi hiyo hiyo.

Ikishawaka na hujafungua kitu, ukiandika free -h kwenye teminali (lile dirisha la kuandikia amri) unakuta imekula RAM kati ya MB 750 na 900. Kwa mashine ya GB 8 hiyo ni sadaka, hata kwa GB 4 bado nafasi ipo. Menyu inafunguka hapo hapo, folda zinafunguka hapo hapo, mafaili ya ofisi baada ya kungoja kidogo mara ya kwanza. Mpangilio ni ule ule wa kizamani, kitufe cha menyu kushoto chini, saa kulia, dirisha lina alama tatu za kufunga na kupunguza, dogo anayenisaidia dukani hajawahi kuona Linux maishani mwake na siku ya kwanza aliprinti mwenyewe bila kuniita.

Sasa fungua Firefox. Fungua WhatsApp Web, fungua Gmail, fungua portal moja ya maombi, weka na YouTube nyuma ikipiga gospo maana wateja wanapenda, halafu rudi kwenye free -h. Imepita GB 2.5 na inapanda. Hapa ndipo mambo yalipobadilika miaka yote ambayo sikuwepo. Zamani tulikuwa tunabishana distro (toleo la Linux) ipi nyepesi, mtu anatafuta ya kupunguza MB 100, ilikuwa na maana kwa sababu RAM yote ilikuwa MB 512 na mtandao ulikuwa kurasa za maandishi na picha. Leo mfumo mzima unakula chini ya WhatsApp Web na Gmail zikiwa pamoja. Ukitoka Mint Xfce ukaenda kwenye distro nyepesi kuliko zote duniani utaokoa labda MB 500, halafu brauza itazila hizo hizo kabla ya chai ya saa nne. Ndio maana sikuhangaika na zile za kukondesha kupita kiasi, nilichagua nyepesi ya wastani yenye kila kitu ndani.

Kwa wenye GB 4 kuna kitu kinaitwa zram, kwa maneno mepesi kinabana vitu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvitupa kwenye diski nafasi ikiisha, sudo apt install zram-tools, kisha fungua /etc/default/zramswap ondoa alama ya reli (#) mbele ya PERCENT weka 50, washa upya. Tofauti utaiona siku wateja wanne wametuma mafaili kwa mpigo. Na Mint kuna kitu chao wanaita Web Apps, unatengeneza WhatsApp iwe na dirisha lake peke yake na alama yake kwenye menyu, ukimaliza unaifunga yote, kuliko iwe imejificha kati ya kurasa kumi na tano.

YouTube nayo ina stori yake na watu wengi hawaijui. Grafiki ya hizi processor za kizazi cha pili, Intel HD 3000, ina uwezo wa kufungua video zilizobanwa kwa mtindo wa H.264 yenyewe bila kuisumbua processor. Shida ni kwamba YouTube sasa hivi inapendelea kukupa VP9 au AV1, ambazo HD 3000 haizijui, kwa hiyo kazi yote inaangukia processor, feni inalia kama inataka kupaa na picha inakatakata. Dawa ni mbili. Kwanza hakikisha kifurushi cha i965-va-driver kipo, ukiandika vainfo uone mistari ya VAProfileH264, ukiiona hiyo uko salama. Pili weka nyongeza ya Firefox inaitwa enhanced-h264ify, inailazimisha YouTube ikupe H.264. Baada ya hapo 720p inatiririka, na kwenye kioo cha 1366 kwa 768 hata huhitaji zaidi ya hiyo. Kabla ya kuweka hiyo nyongeza ungesema mashine imezeeka, kumbe inaulizwa swali la lugha ambayo haijaisoma.

Kwenye kazi yenyewe ya steshenari. Siku hizi mteja hakuletei flashi, anakwambia nitumie namba nakurushia WhatsApp, kwa hiyo asilimia kubwa ya kazi ni PDF na docx kutoka WhatsApp Web. PDF hazina maneno. Docx ndio kuna mtihani, LibreOffice inafungua vizuri ila mtu kaandika CV yake kwa Calibri na wewe Calibri huna, mistari inasogea, CV ya kurasa mbili inakuwa kurasa mbili na mstari mmoja wa wadhamini umening'inia ukurasa wa tatu, na mteja anakuangalia. Suluhisho ni fonti za Carlito na Caladea, zimetengenezwa herufi zake ziwe na upana sawa na za Calibri na Cambria, LibreOffice inazibadilisha kimyakimya na mistari inakaa mahali pake, angalia tu kama zimo kwenye mashine yako maana ni vifurushi vya fonts-crosextra. Times New Roman na Arial unazipata kwa ttf-mscorefonts-installer, itakuuliza kukubali leseni kwenye teminali, bonyeza Tab ndio uende kwenye OK, hapo watu wengi wanakwama wanadhani mashine imeganda. Tangu niweke hizo malalamiko ya CV yameisha, yamebaki majedwali makubwa yenye picha zilizoelea, hizo mwambie akutumie PDF.

Kizuri ambacho sikukitegemea ni hunspell-sw. Unaiinstoli na LibreOffice inaanza kukagua tahajia za Kiswahili, inapiga mstari mwekundu kwenye maneno yaliyokosewa. Sio kamili, majina ya watu na vijiji inayakataa na vitenzi virefu vingine navyo inavikataa, ila kwa barua za serikali za mitaa na mihtasari ya vikao imeniokoa. Ila kugeuza mfumo wote uwe Kiswahili bado, nilijaribu nikakuta menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nikarudisha.

Kadi za michango ya harusi hapo ndipo penye maumivu. Mtaa mzima umezoea Publisher, mteja anakuja na faili la .pub la harusi ya dada yake anataka ubadilishe majina tu. LibreOffice Draw inalifungua, maandishi yanatoka, lakini maua yamehama na fonti ya mapambo imegeuka ya barua ya kiofisi. Kwa kadi mpya natengeneza Inkscape na kiukweli inatoka safi kuliko Publisher, lakini ilinichukua muda kuizoea, na mafaili ya zamani ya watu nina mashine nyingine ya Windows kwa ajili hiyo. Microsoft wenyewe wametangaza Publisher haitahudumiwa tena baada ya Oktoba 2026, sasa sijui mtaa utahamia wapi. Picha za paspoti natumia GIMP, nimeandaa karatasi moja yenye nafasi nane, nabandika nabana naprinti. Aliyekulia Photoshop atalalamika vitufe viko upande usio wake, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Printa ya wino wa tanki nimechomeka ikajiweka yenyewe, kopi na skani zote, sikushusha kitu. Leza nyeusi ya zamani ya kampuni moja kubwa ndio iliyonisumbua, hizi za bei rahisi ambazo hazina akili yake ndani, kila ukiiwasha inasubiri kompyuta iipe programu ndogo ya kuendeshea, na hiyo programu kampuni haitaki iwekwe ndani ya distro, unaishusha pembeni. Nikaishusha, ikafanya kazi, mfumo ulipoapdeti draiva ikasimama tena mpaka nishushe toleo linalolingana. Ukinunua printa kwa ajili ya Linux uliza kwanza kama inaprinti kutoka kwenye simu bila programu yoyote, ikiwa ndiyo basi karibu zote zinakubali kwenye Linux bila draiva.

Flashi zenye virusi sasa. Nani hajawahi kuletewa flashi, ukifungua unakuta shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe na mteja anaapa jana dissertation ilikuwepo? Kwenye Mint nachomeka, naona ile shotikati, naona kile kirusi chenyewe kimekaa kama faili la kawaida, na pembeni kuna folda haina jina. Haina jina kweli, ni nafasi tupu, kirusi kimeipa jina la herufi isiyoonekana na kuificha, Windows inaitii amri ya kuficha, Linux haiangalii hiyo alama ya kuficha ya FAT kabisa. Unaingia kwenye ile folda isiyo na jina unakuta dissertation, picha za mahafali, kila kitu, unakopi nje unafuta takataka unamrudishia. Kile kirusi chenyewe ni cha Windows hapa hakina pa kushika. Kwa duka linalopokea flashi za watu hiki kitu peke yake kinatosha kuiweka Linux kwenye mashine moja hata kama nyingine zote ni Windows.

Portal za serikali, mikopo ya HESLB, Ajira Portal, zote ni brauza tu hazijali uko kwenye nini, sijaona tofauti.

Kuhusu bando Mint inajua heshima. Haijiapdetii kichinichini kwa mpangilio inaokuja nao, inakuwekea ngao ndogo kona ya chini yenye kidoti, unaifungua inakuonyesha kila kitu na uzito wake, unachagua cha leo unakiacha cha kesho. Ila ile apdeti ya kwanza baada ya kuinstoli ni nzito, tafuta waifai ya mtu. Na angalia kwenye duka lake la programu, programu hiyo hiyo inaweza kuwepo kwa njia mbili, ya kawaida na Flatpak, ukibonyeza Flatpak bila kuangalia programu ya MB 40 inakuja na mizigo yake inafika GB nzima. Snap za Ubuntu, namna yao nyingine ya kufungasha programu, Mint wamezizuia tangu toleo la 20 mwaka 2020, Firefox yao ni ya kawaida na inafunguka haraka, hii ndio sababu kubwa ya mimi kutochukua Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, ambayo kwa mengine yote ni nzuri na ni nyepesi kidogo kuliko hii. Timeshift nayo, ile ya kupiga picha ya mfumo ili ukiharibu urudi nyuma, iwashe ila iambie ihifadhi nakala mbili tu, ukiiachia inajaza SSD ndogo.

Mwenye GB 2 au mashine ya 32-bit, Mint hii haikuhusu. Ubuntu waliacha kutoa matoleo ya 32-bit, Lubuntu ya mwisho ya 32-bit ilikuwa 18.10, na hata Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena cha kuinstolia kwenye hizo. Jaribu antiX 23, bado ipo ya 32-bit na nyepesi kweli, ila muonekano wake unahitaji moyo, na brauza itakukumbusha umri wa mashine kila siku. Puppy, Linux nyingine ndogo, iwekeni kwenye flashi kwa ajili ya kuokoa mafaili ya mashine zilizokufa, ina kazi zake.

Mwisho betri, maana dukani laptopu inakaa kwenye chaja tangu asubuhi na betri za hizi X220 za kununua mtaani hazidumu zikijazwa asilimia 100 kila siku. Weka tlp, programu ya kutunza betri, fungua /etc/tlp.conf, tafuta mistari ya START_CHARGE_THRESH_BAT0 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0, toa alama ya reli mbele yake, weka 75 na 80, halafu sudo tlp start. ThinkPad kuanzia X220 na T420 zinakubali hili bila kuongeza kitu. Itakuwa inachaji mpaka 80 inaacha, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya mtu bado una muda wa kutosha kumalizia na kumtumia PDF yake, kuprinti itabidi asubiri jenereta ya jirani.